Chai ya Rangi Saa Tisa Usiku

Hotuba hii ilitolewa mjini Kisumu mbele ya wahudumu wa afya wa jamii kutoka Nyalenda, Manyatta na Obunga. Msemaji, afisa wa afya ya umma aliyestaafu, ameiandika upya kutoka kwa rekodi ya simu na kuuacha utani wake ulivyokuwa.

Chifu wetu, mama mwenyekiti, wazee wa nyumba kumi, na nyinyi wanangu mliovaa fulana mpya ambazo bado zina mikunjo ya dukani: hamjambo? Hiyo ni sauti ya watu ambao hawajakunywa chai. Nitajitahidi kufupisha, lakini mwanamke aliyefanya kazi ya serikali miaka 31 akishikishwa kipaza sauti, jueni mmepatikana.

Nimeombwa nizungumzie maoni na mienendo ya wananchi wakati wa janga. Barua ya mwaliko imeyaandika maneno hayo mawili pamoja, maoni na mienendo, kama mume na mke. Mimi nimeishi na hao wawili muda mrefu. Wanajuana, wakikutana njiani wanasalimiana, lakini kila mmoja ana nyumba yake na mlango wake. Ukibisha kwa mmoja usidhani umemkuta mwenziwe.

Nianze na usiku mmoja wa mwezi Machi 2020. Mgonjwa wa kwanza wa korona nchini alikuwa ametangazwa Ijumaa tarehe 13. Jumapili yake tukaambiwa shule zinafungwa, na kabla ya mwezi kwisha kafyu ikawa imeingia. Katikati ya pilikapilika hizo, saa tisa usiku, simu yangu ikalia. Alikuwa shangazi yangu wa Seme, ambaye kwa Kijaluo namwita waya. Mnajua simu ya nyumbani ikilia saa tisa usiku huwa inaleta habari ya aina gani, kwa hivyo niliipokea nikiwa nimeshaanza kulia.

"Umekunywa?" akaniuliza.

"Nimekunywa nini, waya?"

"Chai ya rangi. Strungi, bila sukari, kabla jua halijachomoza. Kuna mtoto amezaliwa leo, akaongea papo hapo, akasema atakayekunywa usiku huu korona haitamgusa. Halafu akafa."

"Amezaliwa wapi?"

"Huko."

"Huko wapi, waya?"

"Wewe kunywa kwanza. Utauliza baadaye."

Nikafungua mlango. Wanangu, Manyatta nzima ilikuwa macho. Taa zimewaka, majiko yanafuka moshi, mpangaji wa mwisho kwenye ploti anagongewa dirisha asije akafa peke yake. Aliyekosa majani aliazima kwa jirani ambaye hawajasalimiana tangu Krismasi. Mwenye kioski alifungua kile kidirisha chake kidogo akauza majani ya shilingi kumi kumi hadi yakaisha. Na haikuwa Manyatta pekee. Kulipokucha, simu zilikuwa zinaingia kutoka kwa jamaa na marafiki wa kaunti nyingine wakisema kwao pia birika zilichemka.

Sasa linganisheni. Wiki hiyohiyo mimi na wenzangu tulizunguka mitaa hii na gari lenye vipaza sauti juu. Nawa mikono kwa sabuni na maji yanayotiririka. Usikaribiane na mwenzako. Kaa nyumbani. Tulikuwa na mabango, tulikuwa na mafuta ya gari, tulikuwa na posho ya chakula cha mchana. Watoto walitufuata wakicheza, wakubwa wakatupungia mkono, basi. Na uvumi usio na ofisi wala bajeti ukaamsha watu wazima na akili zao, wakawasha moto saa tisa usiku, mtaa baada ya mtaa.

Watu wakisimulia kisa hiki hucheka ujinga wa mwananchi. Mwaka wa kwanza nilicheka pia. Siku hizi nikikikumbuka huwa najicheka mimi mwenyewe. Angalieni yule mtoto alituomba nini. Majani ya shilingi kumi na kikombe cha maji ya moto. Kazi ya dakika chache mnayoifanya pamoja, nyumba nzima, baba akishikilia tochi. Aliyekuletea habari ni shangazi yako, ambaye hana chochote cha kupata kwako isipokuwa uhai wako. Na ukiwa umedanganywa, umepoteza usingizi tu. Halafu angalieni sisi tuliomba nini. Maji yanayotiririka, Nyalenda, ambako watu wananunua maji kwa mtungi na kuyapima kwa kikombe. Umbali wa mita moja unusu, kwenye chumba cha futi kumi kwa kumi chenye watu saba na kuku. Na kukaa nyumbani, kwa mtu ambaye asipotoka hali. Wao waliletewa uongo unaowezekana, sisi tukawapelekea ukweli usiowezekana, kisha tukarudi ofisini kuandika ripoti kwamba mwananchi ni mkaidi.

Naona mama mwenyekiti ananiangalia anataka kujua kama nilikunywa. Nilikunywa. Nusu kikombe. Tuendelee.

Kuna hesabu moja ninayotaka muiweke kichwani, kwa sababu ilifanywa huku kwetu magharibi mwa Kenya na ikachapishwa mwaka 2021. Watafiti walipigia maelfu ya watu simu wakawauliza: ukiwa hadharani unavaa barakoa? Katika kila watu 100, ni 12 tu waliokiri kwamba hawavai. Wakati huohuo walituma watu wengine wakasimama mahali pa watu, bila kumuuliza yeyote neno, wakahesabu nyuso. Katika kila watu 100, 90 hawakuwa na barakoa.

Rudieni hiyo polepole. Kwenye simu, karibu watu tisa kati ya kumi wanavaa. Barabarani, mmoja.

Nilipomsomea hesabu hiyo dereva wetu wa zamani, hakugeuza hata shingo. Akasema, "Sasa madam, walitarajia nini?" Na kweli. Kanuni zilizotangazwa Aprili 2020 zilisema asiyevaa barakoa hadharani atapigwa faini hadi shilingi 20,000 au afungwe hadi miezi sita. Mtu usiyemjua anakupigia simu, anakuita kwa jina, anauliza kwa upole kama unavunja sheria ya serikali. Wewe ungejibu nini? Lakini mimi siamini ilikuwa hofu peke yake. Kwetu mgeni haondoki na jibu la kumkera. Akija kuuliza kama mnachemsha maji, mnachemsha. Akiuliza kama mtoto analala ndani ya neti, analala, hata kama neti yenyewe anaiona pale nje imefunika mboga kuku wasidonoe. Yule mtu hakudanganya kwa moyo mbaya. Alimpa mgeni jibu alilolijia.

Na ile barakoa yenyewe tuliipatia kazi gani? Nilisimama mara nyingi stendi ya Kondele nikitazama. Barakoa ilikaa kidevuni kama ndevu. Nyingine ilivaliwa kwenye kiwiko. Nyingine ilikunjwa vizuri mfukoni pamoja na kitambulisho, kwa sababu zote mbili zilikuwa na kazi moja. Kuna konda wa matatu mmoja, kijana mcheshi sana, aliyeweka rundo la barakoa kwenye kisanduku cha gari. Mkikaribia kizuizi cha polisi anawagawia, mkishapita anazikusanya, zinasubiri abiria wa safari inayofuata. Hebu fikirini barakoa ile imepita midomo mingapi kutoka Ahero hadi mjini! Nikamkemea. Akanijibu kwa heshima zote, "Mama, na hatujawahi kushikwa." Kwa hesabu zake barakoa ilifanya kazi mia kwa mia. Tulikuwa tumeifundisha jamii kwamba inakinga polisi, na jamii ikaitumia ilivyofundishwa.

Kafyu nayo. Ilianza tarehe 27 Machi 2020, saa moja jioni hadi saa kumi na moja alfajiri. Aliyeichagua saa hiyo hajawahi kuuza samaki wa kukaanga kando ya barabara, namhakikishia. Mama wa samaki huwasha jiko saa kumi, saa kumi na moja karai limeshika moto, na wateja wake ni watu wanaotoka vibaruani saa kumi na mbili kwenda juu. Ile saa moja hadi saa tatu ndiyo iliyokuwa inalipa karo. Kafyu ikaichukua yote. Basi wateja wa jioni nzima wakasongamana ndani ya dakika arubaini, bega kwa bega juu ya karai, kila mtu anaangalia saa. Stendini ni hivyohivyo. Matatu ya abiria 14 iliamriwa kubeba 8, nauli ikapanda, magari yakawa hayatoshi, na saa kumi na mbili unusu jioni umati uliokuwa Kondele unagombea mlango wa gari sijawahi kuuona hata siku ya mechi. Amri iliyotungwa kuwatenganisha watu iliwabana pamoja kila siku, saa ileile. Mimi ningekuwa mdudu wa korona ningeomba kafyu isiondolewe.

Polisi sitawazungumzia sana. Mliokuwepo mnakumbuka virungu. Niseme tu kwamba mtu akishapigwa kwa jina la afya yake, ukimwendea kesho yake na fulana ya afya, atakimbia. Msimlaumu.

Halafu karantini. Mwanzoni, Aprili 2020, waliopelekwa karantini waliambiwa walipie chakula na malazi wenyewe, hadi serikali ilipoondoa malipo hayo katika vituo vyake mwezi Mei. Na waliovunja kafyu nao wakapelekwa karantini. Huko Nairobi kuna watu waliruka ukuta wakatoroka. Tukawacheka kwenye runinga. Lakini hebu jiulizeni: ukichanganya mahali pa mgonjwa na mahali pa mhalifu, halafu umtoze pesa, nani atakuja kukuambia anakohoa? Mwaka ule hapa Kisumu kila mtu alikuwa na malaria. Niliingia nyumba nzima inakohoa, watu wanne, wananiambia malaria. Malaria ya kukohoa! Nikiuliza mmepima? Tumemeza dawa, mama, inashuka.

Hapo ndipo nilipomkumbuka bibi mmoja wa Alego wa zamani zangu. Nyinyi wengi hamkuwa mmezaliwa. Ukimwi ulitambuliwa nchini mwaka 1984, na haukutangazwa kuwa janga la kitaifa hadi Novemba 1999. Katikati hapo ni miaka 15 ambayo huku kwetu watu walikonda wakafa, na jina la ugonjwa lilikuwa chira, laana ya kuvunja mwiko. Fulani ameruka mwiko, amekaa kiti kisicho chake, ameingia nyumba kabla ya mkubwa wake. Nilikuwa mdogo kazini, nina vipeperushi na bidii ya kijana. Nilimweleza yule bibi habari za virusi saa nzima. Akanisikiliza, akanipa njugu, kisha akasema: "Mwanangu, nimekuelewa. Lakini nikiuita hivyo unavyouita wewe, nani atakuja kumzika?"

Nikakosa jibu, na sina hakika kama ninalo leo. Alikuwa ameelewa. Maoni yake na yangu yalikuwa sawasawa kabisa kuhusu ule ugonjwa. Ila jina la chira lilimpa jirani ruhusa ya kuja na sufuria na kuni, na jina langu lingemnyima. Malaria ya kukohoa ya mwaka 2020 ilifanya kazi ileile.

Na tukifika kwenye kuzika, ndipo nami nitakapovuliwa nguo.

Aprili 2020 kule Siaya mtu alizikwa usiku wa manane na watu waliovaa mavazi meupe ya kujikinga, bila jeneza, bila wimbo, na video ikazunguka nchi nzima. Sitasema zaidi, familia ile ipo. Nasema tu kwamba nilikuwa nimefanya mikutano mingi sana kabla ya hapo kueleza korona ni nini, na video ile ya dakika chache iliifuta yote. Watu hawakuogopa tena korona. Waliogopa kuzikwa vile. Na mtu anayeogopa kuzikwa vile atafanya nini akishikwa na homa? Atajificha.

Agosti mwaka huohuo mjomba wangu akafa. Si kwa korona, kwa sukari, na naona hata leo bado najieleza. Amri ilisema waombolezaji 15. Mjomba ana watoto tisa. Ongeza wajane wawili, ndugu zake, mhubiri, mchimba kaburi: tayari umeshapita. Naibu chifu alitaka orodha ya majina 15 yaliyoandikwa vizuri. Nani katika ukoo ana mwandiko mzuri na anazijua fomu za serikali? Orodha ile niliiandika mimi. Majina 15, nambari za vitambulisho, sahihi. Viti 15 chini ya hema, vimetengana kama picha ya bango letu wenyewe. Na nyuma ya ua, kwenye migomba, watu zaidi ya 200. Naibu chifu alihesabu viti, akaridhika, akala, akaenda zake. Ua ukafunguliwa.

Nilivaa barakoa hadi jeneza lilipotoka. Jaribuni kulia kwa sauti mkiwa mmevaa barakoa, mtaniambia. Niliivua nikaiweka kwenye mkoba, na shangazi yangu wa Seme, yule wa chai, akanikumbatia, nami nikamkumbatia. Jumatatu nilirudi kazini nikaendelea kuwafundisha watu. Kama mtu angenipigia simu jioni ile akaniuliza, je, afisa, unafuata masharti? Nikiwa na barakoa mkobani na udongo wa kaburi kwenye viatu ningemjibu, ndiyo, wakati wote.

Kwa hivyo msidhani wale 90 ni watu wengine.

Sasa wakubwa wetu. Hapa nitapita haraka, kwa sababu Chifu yupo na chakula kinapikwa. Mwananchi alikuwa anatutazama sote, na macho yake hayakuwa na kafyu. Agosti 2020 akasikia kwenye runinga habari za mabilionea wa korona, za vifaa vya kujikinga vilivyonunuliwa kwa bei ya ajabu, wakati muuguzi anayemjua anafua barakoa moja wiki nzima. Ng'ambo ya ziwa akamsikia Rais Magufuli akisema sampuli ya papai imepimwa ikakutwa na korona. Huku kwetu akaona mikutano ya siasa imejaa hadi juu ya miti. Halafu tarehe 1 Juni 2021 Madaraka Dei ikaletwa hapahapa Kisumu, kwenye uwanja mpya wa Mamboleo. Ile aina ya korona iitwayo Delta ilikuwa imeshatambuliwa, na sampuli zake zilitoka hapa Kisumu. Tukapiga makofi, tukaimba, mji ukapendeza. Tarehe 17 mwezi huohuo, kaunti 13 za magharibi na ukanda wa ziwa, Kisumu ikiwemo, zikafungwa kwa kafyu ya saa moja jioni, na maziko yafanyike ndani ya saa 72. Mzee mmoja wa Obunga aliniuliza kama korona ilikuwa imealikwa kwenye sherehe ikakosa kadi, ndiyo ikaja baada ya wiki mbili kwa hasira. Nilicheka, kisha nikaona hana utani. Alikuwa anataka kujua kwa nini walioketi jukwaani hawakuogopa kile alichoambiwa aogope. Mtu akikuona unafanya jambo, hana haja ya kukuuliza unaamini nini.

Lakini nisije nikawavunja moyo siku ya kwanza. Kuna mara tatu nimeona watu wakibadilika, na kila mara haikuwa njia niliyofundishwa chuoni.

Ya kwanza mnaijua, wengine hapa mmepita mikononi mwake. Sisi Waluo hatukuwa watu wa kutahiri. Sisi tulikuwa tunang'oa meno sita ya chini. Kati ya mwaka 2002 na 2006 ulifanywa utafiti hapa Kisumu kwa vijana 2,784 wa miaka 18 hadi 24: nusu wakatahiriwa mwanzoni, nusu wakangoja. Desemba 2006 ukasimamishwa kabla ya muda wake, kwa sababu waliotahiriwa walikuwa wakiambukizwa virusi vya ukimwi chini ya nusu ya wenzao, na haikuwa haki kuendelea kuwangojesha wengine. Mwaka 2008 mpango ukaletwa Nyanza. Wazee wa baraza la jamii wakasema hapana, huu si utamaduni wetu. Wangeambiwa wao ni wajinga, jambo lingefia hapo. Kilichofanyika ni kwamba waliketishwa, wakazungumziwa, na viongozi wetu, akiwemo Raila Odinga ambaye wakati huo alikuwa Waziri Mkuu, wakasema hadharani kwamba hili ni jambo la afya, na utamaduni ubaki ulivyo. Hakuna aliyeambiwa aache kuwa Mluo. Kliniki zikafunguliwa hata usiku, zikapelekwa hadi fukweni kwa wavuvi, bure.

Na kijana wa bodaboda nilipomuuliza mbona amekuja, mimi nikitarajia aniambie habari za virusi, akaniambia, "Stendi yetu yote wamekuja. Nimebaki mimi." Basi! Sayansi ya miaka minne, na yeye kilichomleta ni kuogopa kuwa wa mwisho. Nikamwandika, akaingia ndani. Kinga aliyoipata ni ileile ya aliyesoma utafiti wote.

Ya pili ni foleni ya chanjo ya korona. Shehena ya kwanza ilifika nchini Machi 2021, na kwa muda tulikaa kwenye hema tukifukuza nzi. Watu walikuwa na maswali, na maswali mengine yalikuwa na mizizi: mwaka 2014 maaskofu wa Katoliki walikuwa wametilia shaka hadharani chanjo ya pepopunda, na akina mama hawakuwa wamesahau. Halafu Delta ikaja. Wodi zikajaa, oksijeni ikawa neno la sokoni, na mtu akawa anamjua kwa jina aliyekufa. Wakati huohuo wafanyakazi wa serikali wakaagizwa wachanjwe. Foleni ikafika barabarani. Ilikuwa hofu ya Delta au hofu ya mshahara? Foleni ilikuwa moja, na sindano ilikuwa moja, sikumpekua mtu. Ila niliona kitu kimoja: mama aliyekuwa amekataa katakata chanjo ya korona alikuwa amembeba mgongoni mjukuu anayempeleka kwenye chanjo ya malaria, ile iliyozinduliwa nchini kule Homa Bay mwaka 2019. Malaria amezika nayo. Hahitaji bango.

Ya tatu ndiyo ninayoipenda. Kibuye kuna mama muuza omena. Nilifika kwake 2020 na vipeperushi vyangu, akanirudishia. "Hakuna korona. Hiyo ni biashara ya wakubwa." Alisema kwa sauti, soko zima lisikie. Nikaandika kwenye daftari: amekataa. Nikasimama kando nikinywa soda, nikamtazama anavyouza. Mbele ya meza alifunga kamba, mteja asiipite. Kando yake pana beseni la maji ya sabuni, na sarafu yoyote ya mteja inatumbukizwa humo kwanza kabla ya kuingia kwenye leso yake. Akipokea noti anaishika kwa karatasi. Alinawa mikono mara nyingi kuliko muuguzi. Nikarudi kumuuliza: mama, si umesema hakuna korona? Akanitazama kama mtoto aliyepotea. "Nina mjukuu nyumbani ana selimundu, ule ugonjwa wa damu. Hata mafua yanamlaza hospitali. Nani amekwambia nangoja korona?"

Kama ningempigia simu, angekuwa mmoja wa waliopotoka. Na mimi, wa orodha ya majina 15, ningekuwa mfano bora.

Kwa hivyo leo sitawapa vipeperushi. Kesho saa kumi na mbili unusu asubuhi, kila mmoja atakwenda mahali pake: choo cha soko, bomba la maji, kliniki, stendi, hotelini pa mandazi. Mvue hizo fulana. Msimuulize mtu lolote. Mhesabu tu: wangapi wametoka chooni, wangapi wamenawa, sabuni ilikuwepo au haikuwepo, maji yalikuwa ya bure au ya kununua. Saa moja nzima. Mkimwona anayenawa mahali ambapo wengine wote wanapita, huyo mfuateni polepole, mnunue kitu kwake, mjue kwake kuna nani mgonjwa. Jioni tukutane hapa, na kwenye karatasi yako pawe na nambari, pasiwe na neno "wakaidi."

Karatasi ziko kwenye ile meza ya pembeni, kalamu mrudishe. Chai iko tayari, naisikia harufu. Na leo ina maziwa.